Karatasi, Blanketi na Matope: Kazi ya Mikono ya Wangechi Mutu



Tarehe 9 Septemba 2019, jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lilizindua sanamu nne za shaba katika mashubaka ya ukuta wake wa mbele. Ukuta huo ulikamilika mwaka 1902. Mashubaka yalijengwa yakisubiri sanamu, sanamu hazikuja, na kwa miaka 117 watu wakapita chini yake wakiingia kutazama hazina za dunia. Aliyeyajaza alikuwa mzaliwa wa Nairobi, Wangechi Mutu. Aliketisha humo wanawake wanne waliovikwa mavazi ya misokoto kuanzia shingoni hadi miguuni. Vichwa vyao vina visahani vinavyong'aa, huyu mdomoni, yule machoni, mwingine kisogoni. Katika usanifu wa Ulaya mwanamke wa ukutani kwa kawaida ni nguzo, amebeba dari. Kwenye vigoda vya heshima vya Baluba wa Kongo pia mwanamke hubeba, na kigoda kimoja cha namna hiyo kimo ndani ya jumba lilelile. Wanawake wa Mutu hawakubeba chochote. Wameketi tu, kama watu waliofika kwao.

Nimeombwa nieleze msanii huyu ametoka wapi na nini humsukuma kufanya kazi. Nitaeleza, ila shaba naiacha hapo. Shaba imeshapata wasemaji wake, na picha za mashubaka yale mmeziona kwenye simu zenu. Mimi nataka tuangalie vitu alivyovishika kwa karibu miaka 20 kabla ya hapo na anavyoendelea kuvishika: magazeti ya mitindo, kurasa za vitabu vya tiba, mablanketi ya kijivu, mifuko ya taka, kamba, karatasi iliyopondwa na udongo. Dai langu ni kwamba Mutu hukichagua kitu kwa sababu ya kule kilikopita kabla ya kumfikia, na kwamba usanii wake uko katika jinsi anavyokilazimisha kitu hicho kukiri kilikotoka. Anayesema anatumia takataka kwa sababu ni rahisi kupatikana hajatazama vizuri.

Maisha yake nitayapitia haraka. Alizaliwa Nairobi mwaka 1972. Alisoma shule ya watawa wa Loreto, Msongari, kisha akaenda chuo cha kimataifa cha Atlantic huko Wales, ambako vijana wa mataifa mengi hukaa pamoja katika ngome ya zamani kando ya bahari. Miaka ya 1990 akahamia New York, akahitimu Cooper Union mwaka 1996, halafu akapata shahada ya uzamili katika uchongaji kutoka Yale mwaka 2000. Uchongaji, nasisitiza, kwa kuwa wengi humwita mtu wa kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa, aliyehamia kwenye sanamu uzeeni. Ni kinyume chake. Alifunzwa kuchonga, akageukia karatasi kwa muda, kisha akarudi alikoanzia. Baada ya masomo, mambo ya uhamiaji yalimbana Marekani kwa miaka mingi, asiweze kwenda nyumbani akiwa na uhakika wa kurudi. Wengi hapa mna ndugu waliowahi kukwama hivyo, kwa hiyo sina haja ya kueleza zaidi. Siku hizi ana karakana Nairobi na nyingine New York.

Waandishi wa nje hupenda kusema kwamba Mutu anaishi kati ya tamaduni mbili, ya Afrika na ya Magharibi. Hesabu hiyo naikataa. Mtoto wa Nairobi wa miaka ya 1970 aliamka kwa Kikuyu, au Kijaluo, au Kikamba, akapanda basi kwa Kiswahili, akaadhibiwa kwa Kiingereza. Kitambaa cha sare kilikatwa kwenye duka la Mhindi. Adhana ya Msikiti wa Jamia ilisikika katikati ya mji, sinema zilionyesha wacheza ngoma wa Bombay, na redio ikapiga magitaa ya Wakongo. Mtoto huyo alipotua Marekani alikuwa tayari ameshiba mchanganyiko. New York ilimwongezea vitu vya kuchanganya. Ufundi wenyewe aliondoka nao nyumbani.

Ushahidi upo katika filamu yake fupi ya mwaka 2005, Amazing Grace. Msanii anatembea kuelekea baharini akiwa amevaa nguo nyeupe, huku anaimba kwa Kikuyu wimbo wa kanisani uliotungwa na John Newton, Mwingereza wa karne ya 18 aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Wamishonari waliuleta wimbo, Wakikuyu wakautafsiri na kuufanya wao, mtoto wa Msongari akaubeba kuvuka bahari, akauimba mbele ya maji yaleyale ambayo meli zile zilipita. Tamaduni ngapi hizo? Mimi nimeacha kuhesabu.

Sasa tuingie kwenye karatasi, na hapa nitakaa.

Karatasi na nguo ni ndugu wa damu. Hadi katikati ya karne ya 19, sehemu kubwa ya karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara. Waokotaji walizunguka mitaani wakinunua mashati na mashuka ya kitani yaliyochakaa. Viwandani matambara yalichambuliwa, vifungo vikakatwa, yakalowekwa mpaka yakaanza kuoza, yakapondwa kwa nyundo zilizoendeshwa na maji hadi yakawa rojo. Rojo likachotwa kwa chekeche la nyaya, likakamuliwa, likaanikwa. Ufundi huo ulianzia China, ukapita kwa Waarabu, ndipo ukafika Hispania na Italia. Kutumia magogo ya miti kulikuja baadaye sana, matambara yalipoadimika.

Jambo hilo linatuhusu sisi wa pwani hii. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, yenye nakshi za rangi nyekundu, nyeusi na manjano, iliandikwa juu ya karatasi zilizoagizwa kutoka ng'ambo, nyingine zikiwa za viwanda vya Italia. Mnakili wa Siyu, kwa hiyo, huenda alikuwa akitembeza kalamu yake juu ya shati kuukuu la mkulima wa Italia bila kujua. Kila karatasi ina mwili wa kitu kingine ndani yake. Nalileta hili mapema kwa sababu Mutu anafanya kazi kana kwamba halisahau hata siku moja: kwake nguo inaweza kusagwa ikawa blanketi, gazeti likasagwa likawa ngozi, na ngozi ikawa udongo.

Kazi zake za kwanza kujulikana ni kolaji. Mwaka 2001 alitoa mfululizo ulioitwa Pin-Up. Kwa mbali unaona wanawake warembo wanaojipinda kama wale wa kalenda za gereji. Ukisogea unakuta huyu hana mguu, yule mkono umekatwa kwenye kiwiko. Ilikuwa miaka ya vita vya almasi vya Sierra Leone, ambako waasi waliwakata raia mikono. Magazeti yanayouza pete za almasi na magazeti yanayoonyesha waliokatwa viungo huchapwa kwa aina ileile ya karatasi, pengine katika mtambo uleule. Mutu aliviweka vitu hivyo kwenye mwili mmoja, akanyamaza.

Halafu ikaja kazi ninayoiona kuwa bora kuliko kolaji zake nyingine zote: picha 12 alizozitengeneza katikati ya miaka ya 2000 juu ya kurasa za kitabu cha kale cha tiba kinachoonyesha magonjwa ya mfuko wa uzazi. Mama yake Mutu alikuwa muuguzi, na vitabu vya magonjwa havikuwa vigeni machoni pake. Hebu tuisogelee picha moja. Ukurasa umekuwa wa manjano kwa uzee. Katikati pamechapwa mchoro safi wa viungo vya ndani vya mwanamke, wa mkono wa mchoraji wa tiba wa karne ya 19, mkono usio na haraka wala huruma. Juu ya mchoro Mutu ameujenga uso. Midomo imetoka kwenye tangazo la rangi ya midomo, imekuzwa mno. Jicho moja ni la mrembo wa gazetini na la pili limetoka kwingine kabisa, wala hayatazami upande mmoja. Kuna manyoya, kuna vumbi linalometameta, kuna utepe wa kufungia maboksi. Lakini maandishi ya daktari, yale yanayotaja jina la ugonjwa, ameyaacha yasomeke. Hapo ndipo penye uzito. Uso wa mwanamke mweusi unakutazama kutoka mahali palipoandikwa jina la uvimbe, na huwezi kuutoa uso huo bila kuuchana ukurasa.

Mbinu hii ina wazee wake. Hannah Höch, Mjerumani wa Berlin, miaka ya 1920 alikata picha za vinyago vya Kiafrika akazibandika kwenye miili ya wanawake wa Kizungu. Romare Bearden, Mmarekani mweusi, aliijenga Harlem kwa vipande vya magazeti miaka ya 1960. Mutu amejifunza kwao, na pia amemjibu Höch: safari hii aliyeshika mkasi ni mtu wa upande wa vinyago.

Kolaji kubwa zaidi alizifanya juu ya Mylar, shiti ya plastiki isiyonyonya wino. Wino ukimwagwa juu yake hauingii ndani. Huelea, hujikusanya madimbwi, na ukikauka huacha kingo nyeusi zaidi kuliko katikati. Wanafunzi wanaotumia karatasi ya kawaida hawawezi kuupata mwonekano huo hata wakikesha. Ngozi za wanawake wake, zenye mabaka yanayofanana na ramani, ukungu au kovu la moto, hutokana na tabia hiyo ya plastiki. Juu ya mabaka hubandika vipande vya pikipiki penye viungo vya mwili, kwato penye vidole, lulu penye majeraha.

Niseme wazi lisilonipendeza. Baadhi ya kolaji hizo zimepambwa mno. Ameanza kwa kuidhihaki anasa, akamaliza kwa kutengeneza kitu cha anasa kinachong'aa vizuri juu ya kochi la mtu tajiri. Mutu ni mwerevu, na sidhani kwamba hilo lilimpita. Ninaamini ni sehemu ya sababu iliyomfanya aache kung'arisha na kuingiza mikono kwenye matope.

Kabla ya matope palikuwa na blanketi na mpira.

Mwaka 2008 alitengeneza Suspended Playtime. Mipira mingi imening'inizwa kutoka darini kwa nyuzi za rangi ya dhahabu, ikaachwa juu kidogo ya sakafu. Kila mmoja umefinyangwa kwa mablanketi ya kufungia mizigo na mifuko ya taka, ukakazwa kwa kamba. Mtazamaji wa Brooklyn, ambako ilionyeshwa katika maonyesho yake makubwa ya mwaka 2013 na 2014, anahitaji maelezo ukutani. Sisi hatuhitaji. Kila mtu humu ndani, mwanamume kwa mwanamke, ameupiga mpira ule au amewahi kuvunjiwa kioo nao. Moyo wake ni tambara au soksi iliyojazwa. Juu yake mifuko ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, ikikazwa huku mtu mwingine akishikilia. Mwisho kamba, inayopitishwa kwa miraba, ikifungwa fundo kila inapokutana, na fundo la mwisho hufichwa ndani lisimkwaruze kipa. Dar es Salaam kuna mechi nzima zinazoitwa chandimu kwa ajili ya mipira hiyo. Ni uchongaji kamili, na unafundishwa na watoto kwa watoto, bila ada.

Mutu ameupandisha hewani na kuuzuia kuchezwa. Mimi ninaona uchungu hapo, wa mtu aliye mbali na uwanja wake. Na tangu wakati huo kazi imepata maana ambayo hakuipanga: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019. Malighafi ya mpira wa utoto wetu sasa ni kosa la jinai, na jamaa zake wa karibu wametundikwa ndani ya majumba ya makumbusho.

Mablanketi nayo yana safari yake. Mwaka 2010 Mutu alikuwa msanii wa kwanza kupewa tuzo ya msanii wa mwaka ya Deutsche Bank, na katika maonyesho yaliyoambatana nayo mjini Berlin alizifunika kuta kwa mablanketi ya kijivu, ukumbi nadhifu ukageuka kuwa kama kibanda cha mtu aliyefukuzwa kwake. Blanketi la aina hiyo mnalijua. Lina rangi ya vumbi, linachoma shingo, na ukiliangalia karibu unaona nywelenywele za nyekundu, bluu na kijani zimejificha ndani ya kijivu. Rangi hizo ni mabaki ya nguo za watu. Panipat, mji wa India kaskazini mwa Delhi, umejulikana kwa kazi hii kwa miongo mingi: masweta na makoti yaliyovaliwa Ulaya na Marekani hupelekwa huko, yakachambuliwa kwa rangi, yakachanwa na mashine yenye meno hadi yakarudi kuwa nyuzi, nyuzi zikasokotwa upya, na mengi ya mablanketi yanayotokana nayo huishia kugawiwa kwenye mafuriko, matetemeko na kambi za wakimbizi. Ni ndugu wa robota za mitumba zinazofunguliwa asubuhi katika soko la Gikomba, isipokuwa zile zilipata mnunuzi. Basi mtu aliyelala chini ya blanketi la msaada, Dadaab au Kakuma, huenda amefunikwa na koti la mtu ambaye hatakaa amwone. Mutu hakuandika maelezo hayo ukutani. Alilitundika blanketi na kuwaacha Waberlin walitazame.

Mwaka 2015, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice yaliyosimamiwa na Okwui Enwezor, alionyesha filamu The End of Carrying All. Mwanamke anatembea mbugani na kapu kichwani. Kila hatua kapu linaongezeka: gurudumu la baiskeli, dishi la setilaiti, majengo. Mgongo unapinda, anaburura miguu, na mwishowe ardhi inammeza pamoja na mzigo wake. Mwaka uliofuata au karibu na hapo alikuwa ameanza kufanya kazi kwa uzito Nairobi, na ndipo sanamu za rojo la karatasi zilipoanza kutoka. Maonyesho yake ya New York ya Januari 2017 aliyaita Ndoro Na Miti, yaani matope na miti kwa Kikuyu, na hakujisumbua kumtafsiria mtu.

Wanafunzi, andikeni hapa, maana ndicho kiini cha kazi. Karatasi ikilowekwa usiku kucha hulegea. Ukiichana na kuiponda, ile sura ya ukurasa hupotea na unabaki na nyuzi fupi zinazoelea majini. Ukizikamua na kuziacha zikauke, nyuzi hujivuta na kushikana zenyewe hata bila gundi. Ila zinapokauka husinyaa, na ukipaka tabaka nene kwa pupa litapasuka. Kwa hiyo mjenzi huanza na mifupa ya mbao au waya, akapaka tabaka jembamba, akasubiri, akapaka jingine. Gundi nyeupe ya mafundi seremala huongezwa kutia ukakamavu, na udongo kutia uzito na rangi. Karatasi ya gazeti la kung'aa, hata kabla hujaichanganya na chochote, tayari ina madini ndani yake: mng'ao ule hutokana na udongo mweupe wa kaolini au chokaa inayopakwa kiwandani. Ukiloweka gazeti la mitindo, kinachotua chini ya ndoo ni tope.

Kwa sanamu hizi Mutu hutumia karatasi iliyopondwa, gundi ya mbao, udongo, vipande vya miti, vibuyu, shanga, mawe, mara nyingine manyoya ya ndege. Udongo wa Nairobi huja wa aina mbili, na kila fundi wa nyumba atakuambia. Upande wa magharibi na kaskazini ni mwekundu kwa chuma, mzuri kwa msingi na kwa kahawa. Upande wa kusini na mashariki ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ukiondoka na ukuta wa mtu. Sanamu za mfululizo wa Sentinel, walinzi waliosimama wima, zina wekundu ule. Miguu imetokana na matawi ambayo hayakunyooshwa, kwa hiyo kila mmoja anasimama kwa mkao ambao mti uliamua. Karibu na ngozi yao unaona mikwaruzo ya vidole, mashimo madogo ambako hewa ilinaswa, nyuzi zilizochomoza. Hakuna midomo ya gazetini tena. Hakuna jicho la mrembo aliyelipwa kwa saa. Karatasi imeachishwa kazi ya kubeba picha za wengine.

Ndiyo maana naziweka sanamu hizi juu ya kolaji, na juu ya shaba pia. Katika kolaji, Mutu alikuwa bado anabishana na aliyepiga picha. Ubishi ulikuwa wa haki na aliushinda, lakini anayebishana hufungwa na hoja ya mpinzani wake. Katika rojo hakuna mpinzani. Shaba, kwa upande wake, ina adabu ya kudumu ambayo mara nyingine humtuliza kupita kiasi. Najua wapo watakaonipinga, hasa waliosimama mbele ya yale mashubaka manne, na nitafurahi kuwasikia.

Katika maonyesho yale ya Ndoro Na Miti ya 2017 kulikuwa pia na maduara yenye miiba yaliyofunikwa rojo, nayo ni virusi vya magonjwa, vimekuzwa kufikia ukubwa wa kubebwa kwa mikono miwili. Miaka mitatu baadaye dunia nzima ilikuwa inachora umbo hilo. Siwezi kumfanya nabii kwa sababu hiyo. Ni mtoto wa muuguzi aliyeyatazama yale mavitabu kwa makini.

Nguva pia niwataje, tusije tukadhani msukumo wote unatoka bara. Maonyesho yake ya London ya mwaka 2014 yaliitwa Nguva na Nyoka, na katika filamu aliyoionyesha humo yeye mwenyewe ndiye kiumbe anayetoka baharini. Wazee wa Lamu wanamjua nguva kwa namna mbili, mnyama anayekula majani ya baharini na mwanamke anayewapoteza wavuvi. Mutu, mtu wa milimani, amemchukua huyo wa pili kwa uhuru mkubwa. Watu wa pwani wakilalamika kwamba amemzidishia ukali, nitawaelewa. Lakini msanii asiyeruhusiwa kuazima kwa jirani atabaki kuchonga jina lake.

Mwaka 2023 jumba la New Museum mjini New York lilimpa ghorofa zake zote kwa zaidi ya kazi 100. Mwaka 2025 alipeleka kazi zake Roma, kwenye Galleria Borghese, katikati ya marumaru za Bernini. Sisi wa huku tumeziona kazi hizo zaidi kwenye vioo vya simu, na rojo la karatasi kwenye simu ni picha tena, yaani ni kile hasa alichokuwa akikikimbia.

Hilo linanileta kwa mtu mwingine, ambaye angestahili mhadhara wake. Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, baba Mganda na mama Mkenya. Alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawa mwalimu, na alipostaafu miaka ya 1980 akarudi kwenye sanaa kwa nguvu zote. Rangi za dukani zilikuwa ghali, hivyo akachukua karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo na kuvipanga mpaka vikawa kuku, paa, wanawake wanaotoka kisimani. Bluu ya anga yake ni bluu ya kiwanda cha sabuni. Mwaka 1990 kazi zake zilikuwa New York, katika maonyesho ya wasanii wa Afrika yaliyofanyika Studio Museum, Harlem, kabla Mutu hajahitimu chuo mjini humo. Karuga alifariki mwaka 2021. Ukitaka kujua kama kuijenga dunia kwa karatasi iliyotupwa ni jambo lililobuniwa Manhattan, tazama mikono ya mwalimu huyu mstaafu.

Kazi za Mutu zina wahifadhi, vipimo vya unyevunyevu na bima. Kazi nyingi za Karuga ziko kwenye sebule za watu, zilinunuliwa kwa bei ndogo au zilitolewa zawadi, na wino wa pakiti haukutengenezwa ili udumu. Ombi langu kwenu ni la vitendo. Aliye na kazi yake, au ya msanii yeyote wa karatasi, aiondoe mahali inapopigwa na jua na aitoe kwenye ukuta unaopita bomba la maji. Asiitengeneze kwa selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi. Kioo kisigusane na kazi. Ipigeni picha mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ya vipande ndiko kwenye maandishi ya pakiti yanayoweza kutuambia imetengenezwa mwaka gani. Kisha mjulisheni mhifadhi wa jumba la makumbusho lililo karibu nanyi, au wale wa Nairobi Contemporary Art Institute, kwamba ipo na iko wapi, hata kama hamna nia ya kuiuza.

Nimemaliza. Mwenye swali anyooshe mkono, na aanze yule aliyekuwa akitikisa kichwa niliposema rojo ni bora kuliko shaba.